Kwa wadogo zangu mnaoanza kazi ya mbu: jina kwanza

Masika yakianza, insektari, yaani chumba cha kufugia mbu, hujaa sura mpya. Wapo wa mwaka wa tatu waliokuja fildi, wapo wa uzamili ambao kibali cha maadili kimetoka wiki iliyopita, na wote wana hamu ya kazi. Hamu hiyo naipenda. Ila kila msimu makosa ni yaleyale, na safari hii nimeshindwa kunyamaza baada ya kukiona kikombe kimoja mezani. Ni kikombe cha karatasi chenye wavu juu, ndani mna mbu arobaini na kitu, wengine wamekufa chali, wengine wanaruka, na ubavuni kuna plasta iliyoandikwa kwa wino: "gambiae, D". Tarehe hakuna. Kijiji hakuna. D haijulikani kama ni dawa ya deltamethrini, ya DDT au herufi ya nyumba. Mbu wale walichotwa madimbwini wakiwa viluwiluwi, wakalishwa zaidi ya wiki, wakapimwa usugu, yaani kama wanaistahimili dawa ya kuua mbu, kisha kazi yote ikaishia kwenye herufi moja.

Nikisema jina la mbu nina maana ya vitu vinne: spishi yake, alikotoka, umri wake, na yaliyompata mikononi mwako. Kimoja kati ya vitatu vya mwisho kikipotea, hakuna mashine ya kukirudisha.

1. "Gambiae" ni ukoo, si mtu mmoja.

Chini ya hadubini, Anopheles gambiae mwenyewe na Anopheles arabiensis hawatofautiki. Madoa ya mabawa ni yaleyale, palpi, yaani vipapasio vya mdomoni, ni zilezile. Tofauti iko kwenye mwenendo: wa kwanza anapenda damu ya binadamu na hupumzika ndani ya nyumba, wa pili anauma watu na ng'ombe, na mara nyingi hupumzika nje. Huku pwani yupo pia An. merus, ambaye viluwiluwi wake hustahimili maji ya chumvi, naye sura ni hiyohiyo. Kwa hiyo kwenye fomu ya fildi andika An. gambiae s.l. (sensu lato, yaani kwa maana pana ya ukoo mzima), na hizo herufi mbili za mwisho zisiondoke mpaka PCR, kipimo cha DNA, iseme. Mguu mmoja wa mbu unatosha kwa kazi hiyo, mwili uliobaki unaendelea na vipimo vingine.

Wengi mnalijua hili kwa gambiae, lakini mkifika kwa funestus mnasahau. Kundi la funestus nalo lina ndugu wanaofanana: An. rivulorum, An. leesoni, An. parensis na wengine. Miaka ya 1950 nyumba za Pare Kusini zilipopuliziwa dawa ya wadudu ya dieldrini, An. funestus alitoweka majumbani, na nafasi yake ikashikwa na rivulorum, ambaye kwa kawaida hunywa damu ya mifugo. Walioligundua hilo walikuwa wanawatofautisha ndugu hawa kwa makini. Mtu mwenye haraka angeandika kwamba funestus bado wapo na dawa haifanyi kazi, na karatasi yake ingeaminika, maana kwa mbu aliyekomaa uwongo huo hauonekani kwa macho.

Ronald Ross, daktari aliyegundua kwamba mbu hubeba malaria, naye alipita njia hii. Alipoanza kupasua mbu huko Secunderabad, India, mwaka 1895, alipasua kwa muda mrefu mbu wa kijivu na mbu wenye mistari, yaani Culex na Aedes, akivitafuta vimelea vya malaria ya binadamu ndani yao asivione. Agosti 1897 akapata mbu wachache wenye mabawa ya madoa, akawaacha wamuume mgonjwa aitwaye Husein Khan, na tarehe 20 akaona kwenye ukuta wa tumbo la mmoja wao seli zenye chembe nyeusi za rangi. Ustadi wa kupasua alikuwa nao. Kilichomkosesha ni spishi.

2. Saa tatu ni saa ngapi?

Hili ni letu sisi tunaofanya kazi kwa Kiswahili, wageni hawalijui. Mkamata mbu kijijini anaandika "saa 3" akimaanisha saa tatu usiku. Karani anaingiza 03:00. Mchoro wa saa za kuuma unatoka umepinda: mbu waliouma watu wakiwa bado barazani wanaonekana wameuma alfajiri, watu wakiwa ndani ya vyandarua. Ukisoma mchoro huo utapendekeza mambo ya chandarua mahali ambapo shida ni mbu wa nje wa mapema. Fomu ichapwe safu za saa tayari, 18–19, 19–20, mpaka 05–06, na pembeni saa ya Kiswahili, ili mkamataji aweke idadi tu. Na usiku mmoja una tarehe mbili: chagua tarehe ya jioni mlipoanza, ishikeni hiyo msimu mzima.

Mbu wakikosekana andika 0. Nafasi tupu maana yake mtego uliharibika.

3. Kipimo cha usugu, na kosa linaloniuma zaidi.

Hapa nitakaa kidogo. Nakiri kwamba kosa lenyewe tumelifanya wengi tuliotangulia, mimi nikiwamo, na kinachouma ni kuliona linarudi kwa watu tuliowafundisha wenyewe.

Hatua mnazijua, lakini nazirudia kwa sababu kila moja ina shimo lake. Majike wa siku 3 hadi 5, walioonja maji ya sukari tu, hawajanywa damu. Mirija minne yenye alama nyekundu kwa karatasi za dawa, miwili yenye alama ya njano kwa kontroli (mbu wa kulinganisha, wasioguswa na dawa), na ya alama ya kijani kwa kuwapumzisha. Kila mrija mbu 20 hadi 25. Waache kwenye mirija ya kijani saa nzima kwanza, uwatoe waliovunjika miguu wakati wa kuhamishwa. Kisha wahamishie kwenye dawa kwa dakika 60, mirija ikiwa wima, mwanga hafifu. Andika walioanguka, warudishe kijani, wape pamba ya sukari asilimia 10, usome vifo baada ya saa 24. Joto nyuzi 27, kupanda au kushuka kusizidi mbili. Unyevu asilimia 75, zaidi au pungufu 10. Vifo vikifika asilimia 98 au zaidi, mbu hao wanadhurika na dawa. Kati ya 90 na 97, kuna dalili za usugu zinazohitaji kuthibitishwa. Chini ya 90, usugu umethibitika.

Sasa mashimo. La kwanza ni umri. Usugu, hasa ule unaotokana na vimeng'enya vinavyoivunja dawa, hupungua mbu anavyozeeka. Ukikamata majike wakubwa zizini kwa aspireta (bomba la kunyonyea mbu) ukawaingiza moja kwa moja kwenye mrija, umechanganya bibi na mjukuu: wazee watakufa kwa urahisi na utatangaza kuwa dawa inaua vizuri. Ukichanganya na walioshiba damu, hao wanavumilia dawa zaidi, namba inavutwa upande wa pili. Pato lake ni asilimia isiyosema kitu chochote. Dawa ya hili ni ndogo: pupa wa kila siku waingie kizimba chao, chenye tarehe yao. Kwa funestus, ambaye viluwiluwi wake ni wa kutafuta kwa tochi, kamata majike walioshiba, kila mama atage kwenye mrija wake peke yake, kisha pima watoto. Viluwiluwi wa gambiae nao wachotwe madimbwi mengi. Dimbwi moja linaweza kuwa la ndugu wa tumbo moja, ukawa umepima familia ukadhani umepima kijiji.

La pili ni kontroli. Kontroli ishikwe kwanza, kabla mikono na aspireta havijagusa dawa, na iwe na aspireta yake. Karatasi yake ilingane na mafuta ya dawa: kwa pairethroidi, kundi la deltamethrini, ni mafuta ya silikoni. Kontroli wakifa chini ya asilimia 5, acha namba kama ilivyo. Kati ya 5 na 20, sahihisha kwa kanuni ya Abbott: toa vifo vya kontroli kwenye vifo vya dawa, gawanya kwa 100 ukiondoa vifo vya kontroli, zidisha kwa 100. Dawa 85, kontroli 10, jibu ni 83.3. Wakifika 20, tupa siku hiyo yote. Najua inauma kutupa. Tupa.

Karatasi za dawa zikae kwenye friji nyuzi 4, zipate joto la chumba kabla ya kufunguliwa, na zisitumike zaidi ya mara sita, yaani kama mbu 150. Weka alama ya kalamu nyuma ya karatasi kila inapotumika. Na miguu ya meza iwekwe kwenye makopo yenye maji na tone la mafuta, maana sisimizi wakipanda usiku asubuhi utakuta miguu ya mbu tupu.

Sasa kosa lenyewe. Saa 24 zimetimia, umechoka, mbu waliokufa wako sakafuni mwa mrija na walio hai wamening'inia juu. Umeshahesabu, namba iko kwenye fomu, asilimia umeipata. Basi unawaua walio hai kwenye friza, unawamimina wote pamoja kwenye kitubu kimoja, unaandika kijiji na dawa, unafunga. Kila kitu kinaonekana kimekaa sawa. Miezi sita baadaye, PCR ya spishi imekamilika, ya kdr (jeni ya usugu) imekamilika, na mtu anakuuliza swali rahisi kabisa: waliopona ni wa spishi gani? Hujui. Hutajua kamwe.

Chukua mfano wa namba. Umepima mbu 100 wa gambiae s.l., wamekufa 90. Unaandika kuna dalili za usugu, unaendelea. Tuseme ndani ya hao 100, arabiensis walikuwa 80 na wakafa 79, karibu wote. Gambiae wenyewe walikuwa 20 na wakafa 11 tu, asilimia 55. Hizo ni habari mbili tofauti kabisa: mbu wa ng'ombe anakufa kirahisi, mbu wa binadamu amejenga usugu mkali. Na aliyekuwa anasubiri majibu ni mtu wa wilaya anayetaka kujua vyandarua gani viletwe, vya kawaida au vyenye PBO, kemikali inayoisaidia dawa kumshinda mbu sugu. Wewe umempa 90, na hiyo 90 imeficha kitu pekee alichohitaji. Wala hesabu haikukosewa. Mbu walikuwepo, majibu yalikuwa mikononi mwako, ukayamwaga kwenye kitubu kimoja kwa sababu ya uchovu wa dakika ishirini.

Kwa hiyo, kabla ya kuwaua walio hai, toa waliokufa kwanza, mmoja mmoja. Ni nani aliyekufa? Yule asiyeweza kusimama wala kuruka. Anayelala chali akitikisa miguu huhesabiwa amekufa. Aliyepoteza miguu mitatu lakini anaruka yu hai. Kila mbu aingie kitubu chake cha mililita 1.5: chini silika (chembe za kunyonya unyevu), juu yake pamba nyembamba, kisha mbu. Silika ikibadilika rangi, badilisha siku hiyohiyo, mbu aliyeota ukungu hana DNA ya kutegemea. Alama ya utambulisho iwe na kijiji, tarehe, dawa, namba ya mrija, namba ya mbu, na mwishoni H kwa hai au M kwa mfu. Iandike kwa penseli kwenye kipande cha karatasi kinachoingia ndani, na uirudie kwenye kifuniko. Kalamu ya wino ikiguswa na ethanoli inafutika, na bado mnaitumia.

4. Kata mbu mahali pake.

Kwa ELISA ya sporozoiti, yaani kipimo cha protini ya vimelea vya malaria vilivyo tayari kuambukiza, kata kati ya kifua na tumbo. Sporozoiti unazozitaka ni zile zilizofika tezi za mate, na tezi ziko kifuani. Protini ileile inapatikana pia kwenye oosisti (hatua ya kimelea kabla ya sporozoiti) zilizo ukutani mwa tumbo, kwa hiyo tumbo likiingia kwenye kisima, yaani kishimo cha bamba la kipimo, utamwita mbu mwambukizaji wakati bado hajaiva. Futa koleo kati ya mbu na mbu. Na kisima kikionyesha chanya, hasa kwa arabiensis na wengine wanaokunywa damu ya ng'ombe, usishangilie bado: chemsha mchanganyiko uliosagwa nyuzi 100 kwa dakika 10, rudia kipimo. Antijeni ya kweli inastahimili moto, chanya ya uongo inaanguka. Pale ambapo kiwango cha maambukizi ni mbu wachache kwa mia, chanya tatu za uongo zinaweza kukiongeza maradufu.

Na wale wachache msiwapuuze. Bonde la Kilombero mfuko wa mtego unaweza kujaa arabiensis na kuwa na funestus wa kuhesabika, ilhali funestus ndiye anayebeba sehemu kubwa ya maambukizi huko. Mtu anayechukua sampuli ya mbu mia "bila kuchagua" kutoka kwenye mfuko huo anaweza kumkosa mhusika mkuu.

5. Mtego wa taa.

Uningʼinize karibu na miguu ya anayelala chini ya chandarua, kama mita moja na nusu kutoka chini. Betri ijaribiwe mchana. Asubuhi funga mfuko kwanza ndipo uzime feni. Ukianza na feni, mbu wanatoka wakiaga.

6. Slaidi.

Kwenye slaidi ya kutafuta vimelea vya malaria, damu iliyopakwa nyembamba ishikizwe kiooni kwa methanoli, damu nzito isiguswe na methanoli hata mvuke wake, kwa kuwa chembe nyekundu zinatakiwa zipasuke. Ziko mbili kwenye kioo kimoja, kwa hiyo kiinamishe nyembamba ikiwa chini. Rangi ya Giemsa asilimia 3 kwa dakika 45 hadi 60 ndiyo ya utafiti. Asilimia 10 kwa dakika 10 ni ya mgonjwa anayesubiri. Maji ya bafa yawe pH 7.2, yakiwa na asidi kimelea hakipati rangi zake na utakaa unabishana na vumbi. Hesabu vimelea dhidi ya chembe nyeupe 200. Ukipata vimelea chini ya 100 endelea mpaka chembe nyeupe 500. Usiseme hasi kabla ya kupita nyanja 100 za hadubini. Kipimo cha haraka cha HRP2, protini ya kimelea, kinaweza kubaki chanya wiki kadhaa baada ya mtu kupona, basi usikitumie kuamua kama dawa imeshindwa.

Kwa matende na mabusha, damu ichukuliwe saa nne usiku hadi saa nane usiku. Mikrofilaria (minyoo wachanga) wa Wuchereria, mnyoo wa ugonjwa huo, hapa kwetu hujificha mchana, na kila mwaka yupo anayerudi na slaidi mia mbili safi alizochukua saa nne asubuhi. Saa nne ileile, jua tofauti.

7. Wenye nyumba.

Mwenyekiti wa kitongoji aonwe kabla ya gari kuingia, na fomu ya ridhaa isomwe kwa Kiswahili kinachoeleweka, polepole, mpaka mama mwenye nyumba aulize swali. Asipouliza, hajaelewa au anaogopa. Anayekamata mbu kwa kutoa mguu apate dawa ya kinga na mapumziko ya dakika 15 kila saa, na mwenye mafua asitumwe. Nyumba namba 14 ina Mzee na wajukuu, mwende mkawasalimie hata siku isiyo ya mtego. Msimu wa pili mlango unafunguliwa na wale waliorudishiwa majibu ya msimu wa kwanza.

Uchambuzi mtafundishwa, ila jueni mapema kwamba hesabu za mbu hazikai kwenye wastani: nyumba moja itatoa 300 na kumi zitatoa sifuri, kwa hiyo someni negative binomial (mgawanyo wa kitakwimu wa hesabu zilizotawanyika sana) kabla ya fildi, na mzungushe mitego na wakamataji kati ya nyumba ili nyumba mbaya isihesabiwe kuwa mtego mzuri.

Kikombe cha "gambiae, D" bado kiko rafu ya pili, upande wa kushoto wa friza. Hakitaingia kwenye daftari lolote la matokeo. Jumatatu saa mbili asubuhi kila mgeni atachukua mbu watano kutoka humo, aanze na palpi na mabawa, kisha amkate wa kwanza kati ya kifua na tumbo, na aandike lebo yake kwa penseli kabla hajashika koleo.